Hadesi Aenda Kuposa Milimani

Jumatatu, 5 Julai 1993

Wiki ya tatu bila kazi. Kiwanda kimepata mwekezaji, na mwekezaji hahitaji Afisa Utamaduni. Miaka tisa nimetunga ngonjera za kuongeza uzalishaji! Nimeagwa kwa doti mbili za khanga. Khanga! Mimi, mwanamume!

Lakini si haba. Parokia ya huko mlimani inagawa vitabu vya zamani, nami nimeondoka na kimoja kinene: hadithi za miungu ya Wagiriki, pamoja na picha za sanamu na michoro ya Ulaya. Padri fulani alibandika stempu za posta kila palipokosekana nguo. Nimebandua mbili kwa ajili ya utafiti. Siku tatu nimejifungia chumbani kwangu Kihonda nasoma, chai inapoa. Kumbe Wazungu wanachora, wanachonga na kutunga kutoka kwenye hadithi hizi hizi tangu enzi na enzi, na hakuna anayewaambia wanarudia! Basi zamu ya Morogoro imefika.

Jumatano, 7 Julai

Mpango. Nauandika hapa tu.

Nampenda Juliana, fundi cherehani wa misheni kule juu. Nampenda vibaya, akipita nasahau nilikuwa nasema nini. Baba yake, Mzee Petro, nimemwandama tangu Pasaka: sukari, betri za redio, koti zito la mtumba. Nikigusia posa anacheka, anasema tutaona. Kwetu Bukoba baba akisema ndiyo, kazi imekwisha. Huyu hasemi.

Sasa atasema! Kuna hadithi ya Persefone, binti wa mungu mkuu Zeu na wa Demetra, mungu wa mazao. Baba anamtoa kimya kimya kwa Hadesi, mfalme wa kuzimu. Hadesi anapasua ardhi, anamchukua msichana anayechuma maua. Mama analia, mazao yanakauka dunia nzima. Nitaiigiza Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya sikukuu ya kigango. Mzee Petro awe Zeu. Juliana, Persefone. Mimi, Hadesi. Zeu atatamka mbele ya kijiji kizima kwamba amenipa binti yake, na kesho yake Jumapili nitamkumbusha. Mashahidi mia tatu! Nani atanigusa?

Ijumaa, 9 Julai

Nimepanda mlima kugawa nafasi. Mzee Petro kakubali kabla sijamaliza, kauliza tu kama Zeu anavaa koti. Anavaa. Mkewe, Mama Regina, atakuwa Demetra. Kasikiliza hadithi yote, kasema mama huyo anaonekana ana akili. Juliana kauliza msichana anasema maneno gani. Nikamweleza: hasemi, anapiga kelele mara moja, kisha anakula tunda. Akasema haya, akaendelea kushona. Mchapakazi!

Ikabaki nafasi ya Kerbero, mbwa wa vichwa vitatu anayelinda kuzimu. Uani alikaa Mzee Kondo, kaka yake Mama Regina, ametoka shambani kwenye kabichi, matope hadi magotini. Wakati wa kuingia nilimpungia mkono tu, kwa kuwa nilikuwa nawahi kumpa Mzee Petro shikamoo. Nafasi nikampa yeye. Magunia mawili yaliyojazwa majani ya migomba mabegani, kichwa cha tatu ni chake mwenyewe. Watu wakatazamana. Kakubali! Kasema anapenda kukaa karibu, aone vizuri. Kumbe hata wakulima wanaheshimu sanaa.

Jumatatu, 12 Julai

Mwinjuma, mwenye banda la video, kanicheka hadharani. Anasema watu siku hizi wanataka karate, nani atapoteza muda kwa miungu isiyo na ngumi? Atapandisha jenereta na video huko juu siku ile ile, saa ile ile. Eti soko huria. Nikamwambia sanaa haiogopi jenereta. Nimeshindwa kumaliza ugali.

Nimekata kipande kinachosema Demetra ni dada wa Zeu. Paroko angenifukuza. Kile cha Hadesi kuwa ndugu wa Zeu nimekibakiza, kinaleta uzito.

Alhamisi, 15 Julai

Mazoezi. Kitabuni Persefone anakula mbegu sita za komamanga huko kuzimu, kwa hiyo kila mwaka lazima arudi kwa mumewe miezi sita. Komamanga hatukupata. Tumeweka tunda damu, lile jekundu lenye mbegu nyingi, yamejaa tele huku. Juliana alikuwa na njaa, kalimaliza lote. Kwa hesabu ya mbegu zile, huyu ni wangu milele. Nimelichukua kama jibu.

Mzee Kondo hajui kubweka. Nimemfundisha mwenyewe, kwa mikono na magoti, mbele ya wanakwaya. Kasema naweza sana.

Jumamosi, 17 Julai

Watu! Hata Mwinjuma kazima jenereta kaja kutazama. Zeu kaingia na koti lake, katamka bila kukosea: ndugu yangu wa tumbo moja, nimekupa binti yangu. Nimeyasikia kwa masikio yangu! Nikamshika Juliana mkono, akapiga kelele yake moja, safi kabisa. Nikaanza kumvuta nyuma ya pazia la kuzimu.

Ndipo mama mmoja wa mstari wa mbele akasimama. Akauliza: amempa kama nani? Mwingine akaruka: yaani baba mkubwa anamwoa mtoto? Wa tatu akataka kujua kama mjomba wa msichana ameambiwa. Nikatoka kuzimu kuwaelimisha kwamba Zeu ni mungu mkuu, hana wa kumwuliza. Wakacheka mpaka wakashikiliana. Wakasema awe mkuu huko kwao. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Na Mzee Petro kawaunga mkono! Akiwa Zeu! Kasema ni kweli, yeye ni baba tu, anaomba radhi kwa niaba ya mbingu.

Mama Regina akatangaza hakuna mvua wala mahindi mpaka hili lieleweke. Makofi.

Kisha mbwa akasimama. Akavua vichwa viwili, akaviweka chini taratibu, akakalia kiti changu cha enzi. Akasema mtoto huyu ana mjomba, na mjomba ndiye yeye. Posa haijamfikia. Kilichomfikia ni gunia. Akamgeukia Juliana, akamwuliza yeye mwenyewe anasemaje. Juliana hana maneno katika mchezo! Nikampa ishara anyamaze. Akasema, hata wa nyuma wakasikia, kwamba huyu hamtaki, na tunda alikula kwa sababu ya njaa.

Kipaji gani hiki! Bila hata kuandikiwa!

Jumapili, 18 Julai

Kosa langu nimeliona: nilimwandama asiye na usemi. Nimekwenda kwa Mzee Kondo na shikamoo tatu, kilo ya sukari na zile khanga. Kapokea shikamoo, karudisha vingine. Habari ya mbwa amesamehe. Jibu, kasema, nilishalisikia jana. Nikamweleza kuwa lile lilikuwa jibu la Persefone. Akamwita Juliana.

Kaja na futi ya kupimia shingoni. Kasema mimi si mtu mbaya. Lakini nimemwuliza baba yake, nimemwuliza mjomba wake, nimeingiza na miungu ya Ugiriki, na tangu Pasaka yeye mwenyewe sijamwuliza hata siku moja. Ningemwuliza, angesema hapana, na betri ningebaki nazo. Akanitakia safari njema.

Nimeshuka mlima nalia mpaka Kilakala. Naandika ukweli: nalia kwa sauti, na watu wananipa pole ya msiba.

Jumatano, 21 Julai

Siku tatu sijachana nywele. Mwinjuma kaja kuniambia kijiji kinataka mchezo urudiwe Jumamosi, ile sehemu ya kesi tu. Hadesi hahitajiki. Mahali pangu watasimamisha mti.

Ila leo asubuhi akili imerudi. Nimeyapima upya maneno ya Juliana. Kasema kuna mtu sijamwuliza! Kasema ni yeye mwenyewe, lakini binti mwenye adabu hawezi kuwa na maana hiyo. Ananielekeza kwa wakubwa wake. Nimepeleleza. Bibi yake, mama wa Mama Regina na Mzee Kondo, yu hai, anaishi juu kabisa mlimani, kwenye mawingu. Ukoo ni wa mama, na mama wa wote ni huyo! Nilikuwa nagonga dirishani wakati mlango upo!

Wanasema ni mkali na hapendi wageni. Hilo halinisumbui. Kesho napanda na sukari, na katika mchezo mpya nimemwekea nafasi ya heshima: yule mwanamke mwenye nyoka kichwani badala ya nywele, ambaye ukimtazama unageuka jiwe. Atafurahi sana.