Bodi ya Wasiougua

Kwaru, kwaru, kwaru. Jikoni, gizani, kabla hakujapambazuka, redio ilikwaruza, ikakohoa, kisha ikapata sauti: "Wananchi, ile siku imefika! Sheria mpya ya Bodi ya Hospitali ya Wilaya imeanza kutumika. Kifungu cha tatu: ili kukomesha mgongano wa maslahi, hatakaa kwenye Bodi mtu yeyote aliyewahi kutibiwa katika hospitali hiyo."

Karani wa Bodi aliacha kukoroga uji. Ilikuwa sheria nzuri, haina doa. Mtu aliyelala vitanda vile atakuwaje na mawazo huru? Lakini kifua cha binti yake kilikuwa kinapiga miluzi tangu jana, na mashine ya mvuke ya wodi ya watoto ilikuwa imekufa wiki ya tatu sasa, ikingoja Bodi ipitishe fundi.

Saa nne asubuhi ukumbi wa Bodi ulikuwa na viti saba na Mwenyekiti mmoja, mtu ambaye hata mafua huyapeleka ng'ambo. Wajumbe sita wa zamani, wote wenye kadi za hospitali, walikuwa nje kwenye mabenchi ya wagonjwa, pamoja na binti wa Karani.

"Mzee, fundi yuko getini. Bado kupitisha tu," Karani alisema.

"Akidi, mwanangu, akidi! Tunataka watu saba. Nitafutie wasiougua."

"Nimezunguka wilaya nzima. Nimepata mmoja, kahamia juzi."

"Si umlete!"

"Ameshalazwa."

Mwenyekiti aliguna. Akaivuta nakala yake ya sheria, akachukua stepla aibane vizuri, akakandamiza kwa mamlaka yote aliyopewa. Pini ikapita kurasa kumi na mbili na kidole gumba.

"Mama yangu weee! Ita daktari!"

"Kifungu cha tatu, mzee. Akikugusa tu, kiti kimekwenda."

"Basi ing'oe wewe!"

"Mimi mtumishi wa hospitali, hayo ni matibabu. Ndege ya ng'ambo ipo Alhamisi."

Mwenyekiti alikitazama kidole.

"Kifungu cha kumi na tisa kinanipa nini?"

"Kusimamisha kifungu chochote, pale umma unapoumia."

"Umma unaumia sana!" alilia, akasaini kukisimamisha kifungu cha tatu, kwa mkono wa kushoto.

Karani hakungoja wino ukauke. Aliwaita wale sita, wakaingia, mkunga mstaafu akichechemea mbele. Mikono saba ikapanda, wa Mwenyekiti ukiwa ule usiotoboka, na fundi akapita na kisanduku chake, mbio wodini.

Mwenyekiti naye akatoka mbio, gumba juu, sheria ikining'inia, akawapita wagonjwa wote hadi mlango wa chumba cha vidonda. Binti wa Karani, wa kwanza kwenye benchi, alivuta pumzi, kifua kikapiga mluzi.

"Babu, foleni inaanzia kule nyuma."