Ubao Wangu wa Povu Chini ya Mashine

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema. Mkuu wa chumba cha majaribio kiwandani anastaafu. Bosi katangaza kwamba mimi na Miwani wa meza ya pili tutagombea nafasi yake. Kila mmoja alete ubao wa povu gumu, ule ule wa kuta za vyumba vya baridi. Ijumaa mashine itazikandamiza mbao zetu, na ambaye ubao wake utabeba mzigo mkubwa zaidi ndiye mkuu. Nimemwambia mke wangu nimeshapata. Ya nini kungoja Ijumaa?

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Mke wangu kamwambia mama yake. Mama mkwe anakuja Ijumaa kuiona ofisi yangu. Nikalaza ubao sakafuni nyumbani, nikaurukia kwa nguvu zote. Alama za visigino tu. Povu hili halivunjiki, bwana. Nikalala fofofo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemchungulia Miwani. Anabandika kitambaa cha nyuzi chini ya ubao wake. Nikamuuliza, kwa upole wa kinafiki. Akanieleza bila hiyana kwamba ubao ukiegemezwa ncha mbili na kukandamizwa katikati, upande wa juu unabanwa, na povu huvumilia kubanwa. Upande wa chini unavutwa, na ufa huanzia huko, ghafla. Nikamshukuru. Maskini, kitambaa kizuri vile anakificha chini! Changu nimekibandika juu, Bosi akione. Nikakipaka na rangi ya bluu.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe alivalishwa kofia ya wageni, akasimama mbele kabisa. Mashine ikashuka juu ya ubao wangu. Kah! Hata mate sijameza. Ufa ulianzia chini, ukapanda, ubao ukajikunja kama kitabu. Kitambaa cha juu salama salimini, bluu inang'aa. Wa Miwani ulilialia kidogo, ukabeba mpaka watu wakachoka kutazama. Ukuu kapewa yeye. Mimi nikapewa ufagio nizoe vipande. Mama mkwe akauliza, kwa sauti ya kufika getini, kama ofisi yenyewe ndiyo hii ninayoifagia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamka na akili mpya. Kosa lilikuwa rangi, ningepaka nyekundu. Nimemwambia mke wangu kwamba Miwani anashikilia kile chumba kwa muda tu, mimi natayarishiwa kikubwa zaidi, chenye pazia. Kafurahi, kamwambia mama yake. Mama mkwe kafungua sanduku, katoa nguo zote, kazipanga kabatini mwangu. Anasema haondoki mpaka akione hicho chumba.