Nondo Iliyopinda ya Dirisha la Tatu

Soni Sokoni,
Lushoto.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuhifadhi Jengo la Kale la Hospitali.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUNYOOSHWA KWA NONDO YA DIRISHA LA TATU, WODI YA WANAUME

Shikamoo. Kama ni mimi niliyekuzidi umri, basi nirudishie shikamoo yangu na mambo yaishe.

Mimi ni muuza karoti hapa Soni, mke wa Sefania, ambaye amelazwa katika jengo lenu akisubiri kupasuliwa ngiri Jumatano. Ngiri hiyo ameikalia miaka mitatu. Ilibidi mchungaji, mashemeji na hata jirani yetu imamu waje kumsihi ndipo akakubali kupanda gari kwenda Lushoto. Sefania haogopi nyoka wala mkwe, anaogopa sindano.

Sasa nasikia fundi wenu kutoka Tanga, Bwana Nassoro, ameagizwa kulirudisha jengo liwe kama lilivyokuwa enzi za Mjerumani, na kwamba ataanza kwa kuinyoosha ile nondo iliyopinda. Tangu nisikie hayo chakula hakipiti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Saa ya kuona wagonjwa inakwisha kabla sijafunga genge. Nikifika, geti limeshafungwa, na mlinzi, Mzee Ramadhani, ni mtu wa sheria. Lakini ni mtu wa dini pia. Dirisha la tatu linatazama njia ya nyuma, nje ya uzio, kwa hiyo yeye hugeuka akautazama mlima mpaka nimalize kumpitishia mgonjwa wangu uji.

2. Nondo ile ni historia. Ni nani aliyeipinda? Ni mama zetu, Mwenyekiti. Mmoja alileta kopo la uji akaisukuma kidogo, binti yake akaja na bakuli la makande akaisukuma tena, mpaka leo hotipoti ya wastani inapita bila kulazwa ubavu. Bwana Nassoro anauliza mbona imepinda kuelekea nje. Ni kwa sababu ya kurudisha vyombo. Ukuta aliujenga Mjerumani, lakini lile tundu tumelijenga wenyewe, na ninyi mnataka kutunza cha mgeni na kunyoosha cha mwenyeji! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apone kwa njaa.

3. Masizi ya ukuta wa nyuma, pale tunapopashia uji moto, yasipakwe chokaa. Yale ni maandishi yetu.

4. Mzee Ramadhani naye aorodheshwe kama sehemu ya jengo. Asistaafishwe wala asipewe likizo, maana hakuna kijana wa siku hizi anayejua kuutazama mlima kwa muda unaotosha.

5. Tena, kwa kuwa mnapenda kuhifadhi, nondo isiachwe tu hivi hivi. Ipindwe zaidi, pamoja na ya pili yake, ili niweze kuingiza kichwa na mabega nimlishe mwenyewe, kwa sababu Sefania akila peke yake hubakiza. Kisha juu ya dirisha kiwekwe kibao cha shaba: HAPA MAMA WA USAMBARA WALIPITISHA UJI.

6. Hili la mwisho sitanii. Daktari aliniambia ngiri ikikaba, mtu anaweza kufa kabla gari halijapatikana. Kinachomshika Sefania kitandani si dawa, ni kuniona jioni. Mkiliziba tundu lile, moyo utampoa na atatoroka, nami nitabaki mjane kwa ajili ya nondo moja. Naogopa, Mwenyekiti. Miaka yote hii namgombeza, lakini sijui kuishi bila wa kumgombeza.

Nisalimie wajumbe wote, Sista Hamida wa wodi, na Bwana Nassoro, asinune. Mafundi walio juu ya paa waambie washike vizuri, ukungu wa asubuhi unatelezesha.

Ni mimi, mhifadhi mwenzenu,
Marta Shemweta (Mama Alen)

N.B. Barua sijaibandika stempu bado. Hivi sasa lori la kabichi limesimama mbele ya genge langu, na aliyeshuka ni Sefania, amevaa gauni la hospitali, mkono mmoja ameshika tumbo na mwingine ameshika hotipoti yangu. Ametokea dirisha la tatu, kajipenyeza kwa ubavu, maana yeye ni mwembamba kuliko mimi. Tena anajisifu kwamba nondo ile aliipinda yeye, alipolazwa akiwa kijana akaikimbia sindano, na mama zetu walilikuta tundu tayari. Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yote sita yafutwe. Bwana Nassoro ainyooshe nondo leo leo, aongeze nyingine mbili na wavu mzito juu yake, na Mzee Ramadhani aachane na mlima, atazame dirisha. Kibao cha shaba msisumbuke nacho, jina analotaka liandikwe ni lake. Namrudisha mwenyewe sasa hivi, kwa mlango wa mbele, na lori hili hili limekubali kugeuza. Jumatano akishazinduka na daktari akiruhusu, uji nitauleta kwa mlango huo huo, saa ya kuona wagonjwa. Genge nimelifunga mpaka apone.