Kilomita za Kenya Hazihesabiwi

Injini ya pikapu ya ofisi yetu ilikufa Jumatano saa nne asubuhi, upande wa Kenya, kati ya Adungosi na Malaba. Ilikuwa imetembea kilomita elfu thelathini na moja bila kubadilishiwa oili. Kwa hesabu rasmi zilikuwa elfu tisa na mia mbili tu, kwa hiyo msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba injini hiyo haikuwa na sababu yoyote ya kufa.

Mimi ni Oketcho, dereva wa Ofisi ya Uratibu wa Mizani za Mpakani, makao makuu Busia, Uganda. Tunakagua mizani za wafanyabiashara, ili kilo ya mahindi ya Mulanda iwe kilo, na ikivuka mpaka ibaki kilo. Jumatatu tunakwenda Kirewa na Sop Sop, tunakula vumbi. Siku tatu nyingine tunavuka kufanya kazi na wenzetu wa Kenya. Shule niliacha darasa la sita, lakini nimeendesha magari ya serikali miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nichukue kiinua mgongo changu nirudi Kirewa kufuga ng'ombe.

Miaka yote hiyo, aliyeamua oili ibadilishwe lini alikuwa fundi Othieno, mwenye gereji nyuma ya soko. Othieno hana kamati. Anachomoa kijiti cha oili, anapaka tone kidoleni, anasugua, ananusa, anasema. Oili ya sinthetiki aliipa kilomita elfu kumi au mwaka mmoja, chochote kitakachotangulia. Gari letu, kwa sababu ya vumbi na kunguruma kwenye foleni za mpakani, aliliwekea elfu saba. Aliandika namba kwa kalamu nzito kwenye kikaratasi, akakibandika kwenye kioo, tukaondoka.

Mkurugenzi wetu, Bwana Nathan Okochi, aliona utaratibu huo hauna hadhi. Alituita wote uani, akapanda kwenye ngazi, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo serikali haitaongozwa tena na kidole cha fundi, na kwamba ameunda Kamati ya Kudumu ya Uratibu wa Vipindi vya Vilainishi. Tukapiga makofi. Kilainishi, tuliambiwa baadaye, ni oili.

Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua boneti, na Mkurugenzi alieleza kwamba hilo linazuia upendeleo. Walikaa vikao tisa, kila kikao na chapati zake. Katika kikao cha pili waliletewa galoni, wakasoma upande wa mbele kwamba oili hiyo inafika hadi kilomita elfu kumi na tano. Wakapitisha elfu kumi na tano. Upande wa nyuma kulikuwa na maandishi madogo kuhusu vumbi na foleni, lakini galoni ilikuwa nzito na hakuna aliyeigeuza.

Kikao cha tano ndicho kilichotuletea sifa. Katibu wa kamati, Proscovia, mwanamke makini asiyepoteza hata risiti ya sukari, aliripoti kwamba zaidi ya nusu ya kilomita zetu tunaziendesha Kenya. Mkurugenzi alifumba macho kwa muda mrefu. Alipoyafumbua alisema kwamba oili imenunuliwa kwa fedha za Uganda, kwa ajili ya barabara za Uganda, na serikali haiwezi kugharamia uchakavu wa nchi ya watu. Kilomita za Kenya zikafutwa. Katika kikao cha saba zikafutwa pia saa za foleni, kwa hoja kwamba gari lililosimama halisafiri, na gari lisilosafiri halitumii kilainishi. Injini huwa inanguruma kwenye foleni, lakini kunguruma hakukuwa kwenye ajenda.

Waraka ukatoka. Kifungu cha mwisho kilinihusu mimi. Kilisema kwamba yeyote atakayekuwa ameshika usukani injini ikifa kabla ya kilomita elfu kumi na tano rasmi, huyo ndiye aliyeiua kwa uzembe, na ataondoka kazini bila kiinua mgongo. Na ili ajulikane bila ubishi nani alishika usukani, kila anayeupokea atie sahihi kwenye kitabu cha safari. Kifungu hicho Mkurugenzi alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, na alikipenda sana. Alinisomea mara mbili.

Nilimpelekea Othieno waraka. Aliusoma akiwa amelala chini ya lori, akatoka.

"Mzee Oketcho," akaniuliza, "hii oili inajuaje kama imefika Kenya?"

Nikamwambia suala hilo liko mbele ya kamati ndogo.

"Basi waambie waipatie pasipoti."

Kisha akachomoa kijiti chetu. Hakukinusa. Alikifuta, akakirudisha polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Hii si oili tena, mzee. Hii ni lami. Nakwambia kama ndugu, hii injini itakufia mkononi, na hao watu watakula ng'ombe zako kabla hujanunua."

Nilinunua lita moja kwa pesa yangu nikaongeza. Mwezi uliofuata nikaongeza nyingine. Wiki hiyo hiyo nilipokea barua ya onyo kwa kosa la kulainisha bila idhini. Baada ya hapo niliendesha nikiwa nimezima redio, nisikilize injini.

Upande wa ofisi, mambo yalikuwa yanazidi kunyooka. Mkurugenzi aligundua kwamba kutoka Busia kwenda Tororo kwa barabara yetu ni chini ya saa moja, lakini kilomita zote ni za Uganda, zinahesabiwa. Ukivuka Busia, ukapanda na Kenya hadi Malaba, ukavuka tena kurudi, unatumia nusu siku na karibu hakuna kilomita. Aliagiza safari zote za Tororo zipitie Kenya. Tulikwenda hivyo mara ishirini na sita. Polisi wa pale mpakani walidhani tunatafuta mtu.

Wakubwa wa serikali kule Tororo wakasikia kwamba kuna ofisi haijanunua oili karibu mwaka na nusu. Wakaandaa sherehe ya kumkabidhi Mkurugenzi Cheti cha Nidhamu ya Vilainishi. Ndiyo Jumatano yenyewe. Alivaa suti ya kijivu, akakaa kiti cha nyuma, akawa anarudia hotuba yake. Kufika Adungosi taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikasimamisha gari pembeni nikazima.

"Kwa nini tumesimama?"

"Taa ya oili, bosi."

"Imewaka wapi?"

"Hapa, Adungosi."

"Adungosi iko nchi gani?"

"Kenya, bosi."

"Basi," akasema, akarudi kwenye hotuba.

Nilimweleza kwamba tukiwasha tena injini inakufa, na ikifa nimekwisha mimi, miaka kumi na tisa yote. Nikasema nampigia Othieno alete oili kwa boda, baada ya saa mbili tutaendelea. Akatazama saa. Akaniuliza kama ninakataa amri.

"Sikatai, bosi. Kama unaona gari ni nzima, endesha. Lakini kitabu ni hiki."

Alikasirika, lakini waraka ulikuwa wake. Aliandika jina lake, cheo chake na saa. Halafu, ili nijue nimeshindwa, akatoa muhuri kwenye mkoba akaugonga juu ya sahihi. Nikakaa nyuma. Kiti cha nyuma ni kizuri, sikuwahi kujua.

Alikwenda kilomita nne. Injini ikagonga kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo, ikatoa moshi, ikanyamaza kwenye mkia wa foleni ya malori. Dereva wa lori moja alikuja, akachomoa kijiti, akamtazama Mkurugenzi na suti yake. "Pole, mzee," akamwambia. "Hata mkokoteni hupakwa grisi."

Uchunguzi uliletewa mkaguzi kutoka Kampala, anayeitwa Barbara, mtu wa maneno machache. Mkurugenzi alijitetea kwa ufasaha. Alisema tukio lilitokea Kenya, na yanayotokea Kenya hayahesabiwi. Barbara alikubali kwamba kilomita hazihesabiwi. Akafungua kitabu cha safari, akageuza ukurasa, akamwonyesha.

"Na huu muhuri, mkurugenzi, ni wa nchi gani?"

Kwa hiyo gharama ni kama ifuatavyo. Injini moja. Vikao tisa na chapati zake. Safari ishirini na sita za kwenda Tororo kupitia nchi jirani. Cheti kimoja, ambacho bado kiko Tororo. Miaka ishirini na mitatu ya utumishi wa Bwana Okochi, bila kiinua mgongo, kwa mujibu wa kifungu cha mwisho.

Oili ingekuwa lita saba, na chujio moja.