Ombi la Kubadilishiwa Muuaji

Kijiji cha Mchombe,
Bonde la Kilombero,
Kupitia Ifakara.

Mkurugenzi wa Tamthilia na Filamu,
Kituo cha Televisheni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA MUUAJI KATIKA FILAMU ZA INSPEKTA VALDO

Habari za kazi, na za nyumbani kwako? Sisi huku hatujambo kiasi, mpunga umeshaingia ndani na mvua zimetuachia barabara. Mimi ni mjane. Mume wangu Tadei alifariki mwezi uliopita, na kwa sababu ya kipindi chenu cha Jumapili jioni nimeshindwa kumlilia. Sikushindwa kwa kutopenda. Ninyi ndio mlionizuia, na ndiyo maana nawaandikia ninyi, sikumwandikia paroko.

Naomba usiitupe barua hii ukidhani ni ya mtu anayechukia televisheni. Siichukii. Tunaangalia kwa Omega mwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliyetundika runinga kubwa ukutani juu ya magunia ili wateja wasinung'unike wakisubiri zamu. Siku ya Inspekta Valdo hata wasio na punje ya mpunga wanakuja na vigoda vyao. Kiswahili mlichowatilia wale Wazungu mdomoni ni kizuri, isipokuwa yule mtumishi mnayemfanya aongee kama mtangazaji wa mpira.

Najua unamfahamu Inspekta Valdo kuliko mimi, lakini barua hii itasomwa pia na watu wasio na runinga, hivyo naeleza. Ni mpelelezi mnene wa huko Ulaya, wa zamani za babu zetu, anayetembea na mayai ya kuchemsha mfukoni mwa koti. Mtu akiuawa katika nyumba kubwa, yeye anafika, anamenya yai, anauliza maswali, mwishoni anawakusanya watu wote sebuleni na kumnyooshea kidole mmoja. Filamu hizo zimetolewa kwenye vitabu. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Kwamba mmebadilisha vitabu. Mimi nimevisoma. Nilipokuwa binti nikijifunza cherehani kwa masista Ifakara, kulikuwa na kabati la vitabu, na vya Inspekta Valdo vilikuwamo, vimefasiriwa, majalada yameliwa na mchwa lakini hadithi ni nzima. Humo, Ndugu Mkurugenzi, muuaji alikuwa mtu wa macho makavu. Katika kile cha tajiri aliyekutwa amekufa kwenye ghala la ngano, muuaji ni mjomba, ambaye hakutoa hata chozi na aliuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Katika filamu yenu mjomba huyohuyo anakula, anashiba, anapanda gari lake anakwenda zake, na muuaji amekuwa binti wa marehemu, aliyeliangukia jeneza akalia mpaka akashikwa na watu wawili. Katika filamu iliyofuata, muuaji wa kitabuni ni karani wa posta. Kwenu ni mjane aliyezimia.

Naelewa mlichokifanya. Kamera inapenda machozi, na mtu mwenye macho makavu hana sura ya kuangaliwa saa nzima. Lakini mmefanya hivyo katika kila filamu bila kukosa, mpaka watoto wa hapa mashineni wameshajua. Mtu akianza tu kutafuta kitambaa, wanapiga kelele: "Huyohuyo!" Na ni huyohuyo kweli.

2. Kwamba watu wa Mchombe wamewaamini. Ulipotokea msiba wa mzee Fridolin, kila mtu alijua mzee alikuwa na presha. Mwenyewe alikuwa akiitangaza, hata ukimwamkia shikamoo alikujibu presha kwanza, marahaba baadaye. Binti yake Leticia akaja kutoka Mlimba, akaanza kilio tangu barabarani kama mtoto aliyelelewa vizuri. Kabla hajaufikia mlango, Deus, katibu wa kamati ya msiba, akamsogelea kwa adabu zote akamwambia: "Pole sana dada. Ila Alhamisi ulikuwa wapi?" Kisha akamuuliza shamba la migomba sasa linakwenda kwa nani.

Deus akaagiza ndugu wote wabaki sebuleni. Sebule ya Fridolin inatosha meza na mbuzi mmoja, kwa hiyo wakahamia kwa Omega, milango ikafungwa. Ngusa, mfugaji jirani yetu ambaye hana undugu wowote na marehemu, akaja na mji wake mzima, mke na watoto. Alisikia watu wa maana wote wanashukiwa, akaona akiachwa ni dharau. Walikaa pale mpaka pumba zikawawasha. Hakunyooshewa kidole mtu, kwa sababu Deus alikuwa ameandaa mayai lakini hakuwa ameandaa jibu. Siku ya kuzika, wasifu wa marehemu ulipofika mahali pa kusema aliugua presha kwa muda mrefu, sauti moja nyuma ikasema, "Ndivyo wanavyosemaga." Leticia alirudi Mlimba bila kungoja matanga yaishe, na uso aliokuwa nao sitausahau.

3. Kwamba kilio kimekufa. Hapa naomba unielewe, maana huenda huko Dar mambo yanaendeshwa na mshereheshaji. Kwetu kilio kina mtu wa kukianzisha, na huyo ni mimi. Mtu akifariki wananifuata kabla ya kumfuata fundi wa jeneza. Nasimama mlangoni, namwita marehemu kwa jina, nasema alivyokuwa, kicheko chake, ukaidi wake, samaki aliokuwa akigawa na aliokuwa akificha, na wenzangu wanaitikia. Si maigizo. Sijawahi kumlilia mtu nisiyemjua. Baada ya yaliyompata Leticia, nilianzisha kilio katika msiba uliofuata, wanawake wakainamia khanga zao. Hakuitikia mtu. Nikaendelea peke yangu kidogo, nikaona Deus ananiangalia huku anamenya yai, nikanyamaza.

Tangu hapo misiba ya Mchombe imekuwa kama chumba cha mtihani. Na ugonjwa huu haujabaki misibani. Philomena alitoa machozi siku ya kumuaga binti yake anayeolewa, machozi ya mama, hayana kosa. Upande wa bwana harusi wakaomba kikao cha dharura.

4. Vitunguu. Zamani kukata vitunguu vya msibani ilikuwa kazi ya waliochelewa kufika. Leo hii wenye uchungu wa kweli ndio wanaokigombea kisu. Nyamizi, mke wa Ngusa, alipofiwa na Mbuke, rafiki yake wa tangu walipokuja na ng'ombe kutoka Shinyanga, alikaa jikoni akakata tenga zima bila kuinua kichwa. Wali wa siku ile ulikuwa vitunguu vitupu. Hakulalamika mtu, tulikula tu. Wanaume ambao hawajawahi kujua jiko la nyumba zao liko upande gani sasa wanachungulia na kuuliza kwa upole, "Mama, hakuna kitunguu kimebaki?" Nawapa. Ningefanya nini?

5. Kwamba mume wangu amezikwa bila kilio. Tadei aliumwa tumbo tangu mpunga ukiwa kijani. Tulimpeleka hospitali, tukarudi naye, na alifia nyumbani kwenye kitanda chetu akiwa ameshika mkono wangu. Hakuna wa kumshuku, isipokuwa kama mna namna ya kulinyooshea kidole tumbo.

Mila yetu ni kwamba mfiwa anakaa mkekani. Hapiki, hachoti maji, hashiki kisu. Kwa hiyo hata vitunguu sikuruhusiwa. Waliokuwa wamefiwa na mtani wao au jirani yao walikuwa jikoni wanajifuta macho kwa raha zao, na mimi niliyefiwa na mume nimekaa ndani mkekani, kijiji chote kinaniangalia usoni. Nilimwona Deus mlangoni. Nilimwona Omega, watoto wa mashineni nao wakiwa wamejipanga dirishani, nami nikajua chozi moja tu likidondoka watasema nini. Si kwamba niliogopa kufungwa. Niliogopa jina la Tadei lisije likazungumzwa kwa namna ile, nani alifaidika, shamba linakwenda kwa nani, kama ngano ya tajiri wenu. Nikakaza macho. Niliyakaza mpaka akafukiwa. Na kwa kuwa mwanzishaji wa kilio Mchombe ni mimi, nami nilikuwa mkekani, hakuna aliyekianzisha.

Ningekuwa na nafasi ningesema hivi. Ningesema, Tadei wangu, mtu wa kurudi kutoka mtoni na kuniita kwa jina langu la utotoni kabla hujashusha samaki, leo umekwenda mto gani. Ningesema alivyokuwa akinichekesha kanisani mpaka nikaonywa na mwalimu wa kwaya. Ningesema hata alivyopenda filamu zenu, maana alizipenda kuliko sisi wote, ila hakuwahi kumpatia muuaji hata mara moja. Kila Jumapili alimshuku Inspekta mwenyewe. "Ni huyu wa mayai," alikuwa akisema. "Mbona kila anakofika kuna maiti?" Watu walimcheka. Mimi nilimcheka. Sasa naona ndiye pekee aliyekuwa na akili pale mashineni.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima yafuatayo:

(a) Filamu zote zirudiwe kupigwa kama vitabu vinavyosema, muuaji awe yule asiyelia, na mjomba akamatwe kabla hajala.

(b) Kama waigizaji wameshazeeka au wamefariki, wale wenzenu wanaowawekea Kiswahili wabadilishe maneno tu. Inspekta amnyooshee kidole binti kama kawaida, lakini sauti iseme: "Mwachieni huyu, analia kwa uchungu. Nileteeni mjomba." Midomo isipolingana hatutajali. Haijawahi kulingana.

(c) Ikishindikana hiyo pia, basi Inspekta Valdo aonyeshwe akilia japo mara moja, kwenye msiba wowote, hata wa mbwa wake. Deus akiona hivyo atalia naye, na Deus akilia kijiji chote kitafuata.

(d) Ikiwa yote matatu yamekataliwa, naomba mje na kamera zenu Mchombe, mpige mazishi ya Tadei upya. Kaburi tunalo. Watu watakuja, nawafahamu, kwa kamera watakuja hata kutoka Namawala. Mimi nitasimama mlangoni pangu nianze, nanyi mwishoni mwandike kwa herufi kubwa kwamba mjane huyu hakuua mtu.

Natumaini ombi langu litashughulikiwa kabla ya Jumapili ijayo, maana tangazo lenu linaonyesha bibi kizee akijifuta macho kando ya bwawa, na huku tumeshamhukumu.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote, wa kamera na wa taa. Msalimie dada anayesoma habari kabla ya kipindi, mwambie nywele zile zimempendeza. Huku Tekla binti yangu anawasalimu, Omega anawasalimu na kuwakumbusha msikate kipindi kwa matangazo marefu, Nyamizi anawasalimu, na hata Deus anawasalimu ingawa sijamwambia ninaandika nini.

Ni mimi mtazamaji wenu, ambaye Jumapili atakuwa palepale kwenye kigoda chake,

Paskazia, mjane wa Tadei.

Nakala:
Mwenyekiti wa Kitongoji (hana runinga).
Katibu, Kamati ya Msiba, Mchombe (apewe baada ya majibu kufika).
Inspekta Valdo, popote anapomenyea mayai yake.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha nilimsomea barua hii mkwe wangu Seni, mume wa Tekla. Seni ni Msukuma na heshima zake kwa mama mkwe ni kubwa, kwa hiyo alikaa nje ya mlango akiwa amenipa mgongo, mimi ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimeandika vizuri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, sasa wakishabadilisha, muuaji atakuwa asiyelia?" Nikamjibu ndiyo, kama kitabuni. Hapo nikaelewa anachoshindwa kunitamkia. Ndugu Mkurugenzi, Mchombe nzima iliniona nimekaa mkekani na macho makavu tangu mwili wa Tadei uko ndani mpaka unatoka. Mkibadilisha muuaji Jumapili hii, Jumatatu nimekwisha. Kwa hiyo nalifuta ombi langu lote, pamoja na lile la (d). Acheni filamu kama zilivyo. Au kama mmeshaanza kuzirekebisha, nawasihi msizionyeshe bado. Subirini kwanza nimlilie mume wangu.