Kipimo cha Foleni ya Jumamosi

Kwa idhini ya vikao kumi na vinne na chai zake zote, Tume ya Kulinganisha Raha za Miji inautangazia umma wa Australia kwamba ubishi umekwisha. Sasa inajulikana kisayansi ni mji upi mtamu kuishi. Mimi ni Katibu Msaidizi wa Tume hiyo, Idara ya Vipimo, hapa Canberra, na kipimo chenyewe nilikibuni mwenyewe, mara tu Mwenyekiti aliponieleza matokeo yatakavyokuwa.

Mwenyekiti wetu, Lachlan Purdie, alikuwa na sababu za kitaalamu za kuipenda Sydney. Makao makuu ya Tume yangehamia mji utakaoshinda, naye alikwisha kuchagua dirisha la kutazamia bahari. Kilichobaki kilikuwa utafiti tu.

Basi tukapima foleni. Kila Jumamosi madalali hufungua nyumba za kupanga kwa robo saa, na wanaozitafuta hujipanga mlangoni, mafaili kwapani. Tume ikajiuliza: nani anapanga foleni kwa ajili ya kitu kibaya? Kwa hiyo kila kichwa kwenye foleni kikawa alama moja ya raha.

Bronwyn Skelly, karani wa takwimu, aliinua mkono kikaoni.

"Lachlan, hao hawana raha. Hao hawana pa kulala!"

"Bron, rafiki yangu, usituletee siasa," Mwenyekiti alisema kwa upole. "Wewe hesabu vichwa."

"Na uhamisho wangu je?"

Hapa sina budi kueleza. Baba yake Bron, mzee Merv, anaishi peke yake Adelaide na mbwa wake kiziwi. Alianguka akipunguza matawi ya mlimau, akavunjika nyonga, na siku hizi akichemsha chai hushikilia ukingo wa jiko asije akaanguka tena. Bron alikwisha kuomba uhamisho mara tatu. Lakini kanuni ni kanuni: miji ikiwa inalinganishwa, mtumishi hahami, asije akatuharibia takwimu.

"Ombi lako limepokelewa, linalinganishwa," Mwenyekiti alimjibu, kama alivyomjibu mara zote tatu.

Bron alifuta macho kwa kiganja. Nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba mjumbe ameridhika.

Maafisa wakatawanyika. Melbourne foleni ilikuwa nzuri, ila ilipigwa na jua, mvua, mvua ya mawe na jua tena ndani ya robo saa ile ile, na afisa wetu akapoteza hesabu akitafuta koti. Brisbane watu walikimbilia kivulini, na kivuli si foleni. Perth walituma ripoti kwa wakati, kwa saa zao, sisi tukiwa tumeshafunga ofisi. Hobart waombaji wote walifahamiana, wakakubaliana nyumba apewe mwenye mke mjamzito, jambo ambalo tumeliorodhesha kama udanganyifu. Kutoka Darwin afisa aliandika "joto", na hadi leo hajaandika neno la pili.

Aibu kubwa ilikuwa Adelaide. Watu tisa! Na wote tisa walipata pa kuegesha gari mlangoni.

Sydney ilipata tisini na nne, kwa chumba chenye beseni la kuogea jikoni. Ushindi ulikuwa wa haki.

Ripoti ilikuwa na vifungu viwili muhimu. Kifungu cha tisa kiliwalenga makarani, waliokuwa wameanza kuulizia nyumba za serikali: watumishi wote wa Tume watatafuta makazi Sydney kwa foleni, kama wananchi wengine, isipokuwa Mwenyekiti. Kifungu cha kumi kilitaka mtumishi mmoja apelekwe kuishi katika mji wa mwisho, aishuhudie dhiki yake kwa karibu.

"Umetusumbua sana na Adelaide yako," Mwenyekiti alimwambia Bron. "Haya, nenda ukaione!"

"Kwa muda gani?"

"Mpaka wapate foleni."

Bron aliipokea adhabu kwa uso mzito, akatoka polepole. Kutoka koridoni tulisikia kitu kama mtu anaruka.

Waziri aliipenda ripoti. Hakubadilisha chochote, ila alifuta maneno mawili mwishoni mwa kifungu cha tisa.

Ndiyo maana Jumamosi iliyopita nilikuwa Sydney, mbele ya kile chumba cha beseni, nyuma ya Mwenyekiti. Dalali, binti aitwaye Tiahna, alipita akituhesabu, akamfikia Mwenyekiti.

"Wewe wa tisini na tano, kaka."

"Binti, mimi ndiye niliyeipa foleni hii alama!"

"Hongera. Barua ya mdhamini unayo? Ya mtu uliyefanya naye kazi?"

Mwenyekiti akaniangalia. Nikamkumbusha kwamba mimi pia ni mwombaji. Akapiga simu Adelaide, na kwa haraka yake akabonyeza spika, sote tukasikia.

"Bron, mwenzio nakwisha! Wiki ya saba hii nalala kwenye karavani, kile kijumba cha magurudumu, ya shemeji yangu, na shemeji mwenyewe anakoroma. Niandikie barua, mistari miwili tu, nakuomba."

"Subiri kidogo, Lachlan, namtilia baba chai."

Tulisubiri. Tulisikia birika, kijiko, na mzee akiuliza nani huyo anayelia. Foleni nzima ilitega masikio kwetu.

"Haya, nimerudi," Bron alisema. "Ombi lako limepokelewa, linalinganishwa."

Simu ikakatwa. Tiahna akatazama saa, akafunga mlango. Robo saa ilikuwa imekwisha. Mwenyekiti akabaki amesimama na faili lake kwapani. Nikatoa kalamu, maana kazi ni kazi, nikamwandika: kichwa cha tisini na tano, alama moja ya raha.