Msambaza Taarifa wa Jumuiya

Jumatatu, 6 Oktoba
Baba yake Joanitha amenirudishia barua ya posa. Anasema binti yake haolewi na mtu asiye na cheo chochote, hata cha kanisani. Sawa! Jumamosi jumuiya yetu inachagua msambaza taarifa. Nimejiandikisha. Tuko wawili tu, mimi na Mwalimu Rutaihwa, mstaafu, mjuaji kupindukia.

Jumanne, 7 Oktoba
Baada ya rozari Mwalimu akasimama kutufundisha neno. Eti nyasi za sebuleni hutandazwa sakafuni, kuku hutawanyika, bali taarifa husambazwa: zinamfikia kila mtu alipo, wa bondeni sawa na wa barabarani. Joanitha akaandika kwenye daftari! Nimeumia. Maneno, maneno! Mimi nitawaonyesha kwa vitendo.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimesambaza. Nimemnong'oneza shemeji Restituta, muuza dagaa sokoni Muleba, kwamba mmoja wetu sisi wagombea anahamia kisiwa cha Goziba kuvua, na harudi. Nikamwapisha asimwambie mtu. Mwalimu sikumtaja jina, maana kusingizia mtu ni dhambi na Padri anaungamisha Ijumaa. Akili hiyo!

Alhamisi, 9 Oktoba
Habari imefika Ngenge kabla ya chai. Mchana binamu yangu akapiga simu kutoka Bukoba kuulizia. Safi kabisa! Ila Mwalimu ananitazama kwa huruma. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimejua. Watu wamekaa wakapima. Mwalimu ana mke, ng'ombe wawili, shamba la kahawa na mguu mbovu. Mimi nina redio. Sasa nani wa kuhamia Goziba? Nimekanusha mpaka sauti imekauka. Shemeji anasema wanaoondoka wote hukataa hivyo hivyo, ni uchungu tu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mwalimu kapita bila kupingwa. Kisha wakaniaga! Ndizi, pombe ya lubisi, kahawa ya kutafuna. Mwalimu akaniombea sala ndefu. Joanitha akanipa sweta alilolifuma mwenyewe, akalia. Waitu, moyo ulinichoma! Hapo ndipo ilipofaa niseme ukweli. Lakini angejua aliyeanzisha uvumi ni mimi. Nikaomba lubisi nyingine.

Jumapili, 12 Oktoba
Jumuiya nzima imenisindikiza hadi mwaloni, zinakotia nanga boti, ikiimba. Ningerudije nyumbani? Nikapanda boti. Nimetapika njia nzima.

Jumatatu, 13 Oktoba. Goziba
Limbu, mwenye kambi ya wavuvi, kaniuliza najua kazi gani. Nikamwambia, iwe siri yetu, kwamba mimi ni fundi wa injini za boti na Bukoba nzima inanijua. Sijawahi kushika hata spana. Kufika saa kumi jioni, injini saba zimepangwa mlangoni kwangu, wenyewe wamekaa juu ya ndoo wanasubiri. Wananiita Fundi! Hicho nacho si cheo? Nimemtumia Joanitha ujumbe amwambie baba yake.